Kabla hujamwanika mwalimu wako mtandaoni

Siku hizi mwanafunzi akichukizwa na mwalimu haendi ofisini kwa mkuu wa shule. Anachukua simu, anaandika jina la mwalimu, anampa alama, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima umesoma. Je, jambo hili linamfaa Mkristo?

Wenzetu wa Ulaya walilifikisha mahakamani. Mwaka 2008 mahakama ya Paris iliuamuru mtandao wa note2be uondoe majina ya walimu waliokuwa wakipewa alama na wanafunzi. Mwaka 2009 mahakama ya shirikisho ya Ujerumani iliuruhusu mtandao wa spickmich uendelee na kazi kama hiyo. Nchi mbili jirani, majibu mawili. Basi sheria peke yake haitoshi, tuulize dhamiri.

Katekisimu, namba 2477, inataja makosa matatu: kumhukumu mtu haraka bila msingi, kumsingizia, na kutangaza kasoro zake za kweli kwa wasiozijua pasipo sababu ya haki. Hili la kutangaza ndilo tunalolisahau. Tunadhani jambo likiwa la kweli, basi ni ruhusa kulieneza. Lakini mwalimu anayechelewa kipindi ana familia, na kesho atasimama mbele ya darasa lililomcheka usiku kucha.

Katika Mathayo 18 Bwana ametupa ngazi: kwanza ninyi wawili, kisha mashahidi, kisha kanisa. Anayeanzia mtandaoni ameruka ngazi zote.

Hata hivyo, wazazi na walimu, msishangilie upesi. Ngazi ile ni ya ndugu kwa ndugu. Binti wa kidato cha pili na mwalimu wake hawalingani nguvu. Akishikwa vibaya au akipigwa hadi kuumia, asiambiwe akamkabili peke yake, wala asinyamazishwe ili kulinda jina la shule. Amwambie mzazi, waende dawati la jinsia na watoto la polisi, au apige simu 116 bila malipo. Kumwokoa mtoto ni sababu ya haki. Kunyamaza hapo ni dhambi.

Na malalamiko ya kawaida je? Mtoto aliyefungiwa mlango hutokea dirishani. Shule ngapi zina sanduku la maoni ambalo kufuli lake limeota kutu? Mkuu wa shule, lifungue kila Ijumaa, soma, kisha ujibu mbele ya wanafunzi mstarini.

Nawe mwanafunzi, lalamikia jambo, usimvunjie mtu heshima. "Hatuelewi logi, tunaomba turudie" inaleta msaada. "Ticha hajui kitu" inaleta kicheko tu. Kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: ni kweli? Atakayesoma anaweza kurekebisha? Ningeyasema haya yeye akiwapo? Maji yakimwagika hayazoleki, na jina la mtu ni hivyo hivyo.

Nawatakia Dominika njema.