Mwongozo wa Mwanagenzi ni Kazi Yetu

Katika idara zetu za Kiswahili hapa Uganda, mjadala kuhusu teknolojia huanza na kuishia kwenye msamiati. Tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo una nafasi yake, lakini umetulia muda mwingi mno. Huku sisi tukigombania jina la mashine, mwanafunzi anayetaka kuitumia mashine hiyo kuunda programu anaachwa ajitafutie njia peke yake. Ninashikilia kwamba kuandika miongozo ya wanagenzi wa programu huria ni kazi ya wanafunzi wa Kiswahili, na kwamba tumeikimbia.

Nitatumia mfano wa Django, kiunzi cha kuundia tovuti kwa lugha ya Python. Kiunzi hiki kilizaliwa katika ofisi za gazeti mjini Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma na kuirekebisha bila malipo. Nimeichagua makusudi kwa sababu mwongozo wake husifiwa sana. Umetenganisha somo la hatua kwa hatua, maelekezo ya kazi mahususi, ufafanuzi wa mada na marejeo. Kanuni zake za uandishi zinawaonya hata waandishi wasitumie maneno yanayoifanya kazi ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Ikiwa mwongozo wa namna hii bado unamwacha mwanagenzi njiani, hali ikoje katika mingine?

Tulitazame somo lake la kwanza, ambamo mwanafunzi huunda programu ndogo ya kura za maoni. Somo linaanza kwa kudhani kwamba Django imekwisha kusakinishwa. Amri zinatanguliwa na alama ya dola. Fundi anajua kwamba alama hiyo huonyesha tu mahali pa kuandikia. Mwanagenzi huiandika pamoja na amri, na kompyuta hukataa. Kisha huambiwa aandike amri inayoanza na neno python, ilhali katika kompyuta nyingi za Linux amri inayofanya kazi ni python3. Akivuka hapo, huwasha seva. Mara hutokea onyo kuhusu mabadiliko ya hifadhidata ambayo hayajatekelezwa, na somo humwambia alipuuze kwa sasa. Baada ya hapo, kimya. Fundi anajua kwamba seva inayofanya kazi hukaa kimya ikingoja maombi. Mwanagenzi huona kompyuta imekwama, hufunga dirisha, seva huzimika, na kivinjari humwambia kwamba ukurasa haupatikani. Sentensi moja ingemwokoa: "Acha dirisha hili wazi, fungua la pili uendelee na kazi."

Sentensi kama hiyo hukosekana bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyewasha seva mara elfu hawezi tena kuuona ukimya ule kwa macho ya mtu anayeuona mara ya kwanza. Ndiyo maana mwanagenzi anayekwama ana ujuzi ambao bingwa ameshaupoteza: anajua hasa ni wapi njia imekatika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kuna watakaosema kwamba lugha ya kompyuta ni Kiingereza, hivyo tusijisumbue. Hao wanachanganya amri na maelezo. Maneno ya msingi ya Python hayafiki 40, na hujifunzwa kama alama za hisabati. Kinachomshinda mwanagenzi ni maelezo yanayoizunguka amri: kwa nini aiandike, wapi, na afanye nini ikikataa. Mjapani, Mkorea na Mwindonesia huandika amri zilezile, lakini mwongozo rasmi wa Django una matoleo ya lugha zao. Toleo la Kiswahili halimo.

La kushangaza ni kwamba Django yenyewe inakijua Kiswahili. Andika herufi mbili, sw, kwenye mipangilio yake, na ukurasa wa usimamizi utakusemesha Kiswahili. Kongamano la Django la Afrika nalo lilifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023, penye lahaja iliyokizaa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo anayebonyeza vitufe amehudumiwa kwa Kiswahili, ila anayetaka kuviunda vitufe hivyo hajahudumiwa. Tumekubali kuwa wateja katika lugha yetu na kuomba ruhusa ya lugha nyingine tunapotaka kuwa mafundi.

Wengine watauliza ni nani atakayeusoma mwongozo huo, maana hapa Uganda tumesomeshwa kwa Kiingereza tangu shuleni. Watazame nje ya mipaka yetu. Mwanafunzi wa Bujumbura au Bukavu amesomeshwa kwa Kifaransa, lakini Kiswahili anakisikia sokoni kila siku. Baraza letu la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, tulishangilia kwamba tumepata lugha ya kuzungumza na majirani. Basi tuzungumze nao jambo la maana.

Hata hivyo, kutafsiri tu hakutoshi. Ukilitafsiri somo lile neno kwa neno, alama ya dola itabaki palepale na ukimya wa seva utabaki palepale. Utakuwa umehamisha mashimo kutoka barabara moja hadi nyingine. Mwanafunzi wa Kiswahili na mwenzake wa kompyuta waandike pamoja. Kisha wamketishe mtu ambaye hajawahi kuandika programu, wampe rasimu, wamtazame bila kumsaidia. Kila anaposita, kosa ni la rasimu, na hapo panahitaji sentensi.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi moja: ikubalini kazi hii kuwa mradi wa mwaka wa mwisho, na mwitahini kwa uzito uleule wa tafsiri ya tamthilia. Inadai stadi zilezile mnazotufundisha: kumjua msomaji, kuchagua istilahi na kuishikilia tangu mwanzo hadi mwisho, kupanga hoja kwa mfuatano. Tofauti yake ni kwamba tafsiri mbovu ya tamthilia inaweza kukaa kabatini miaka mingi bila kugunduliwa, ila mwongozo mbovu utaumbuka siku ileile msomaji wa kwanza atakapokwama.

Na kuhusu tarakilishi na ngamizi, neno hukomaa kwa kutumiwa. Tuandike kurasa ambazo watu watazihitaji, na wasomaji wataamua ni neno lipi libaki.