Warumi 13 imeandikwa kwa raia tu?

Naandika kutoka Mpanda.

Jumamosi moja kwenye jumuiya yetu kijana aliuliza: serikali ikikosea, Mkristo afanye nini? Mzee mmoja akafungua Warumi 13, akasoma mstari wa kwanza, akafunga Biblia. "Umesikia, mjukuu wangu? Mamlaka inatoka kwa Mungu. Tii, ukae kwa amani." Kijana akajibu, "Sawa babu," lakini usoni nilimwona hajaridhika. Na mie sikuridhika. Tangu 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, watu walipouawa kwenye maandamano na intaneti ikazimwa, hili siyo swali la darasa la katekisimu tena.

Jamani, siikatai ile sura. Bila serikali mwenye nguvu angemla mnyonge mchana kweupe. Ila tusiishie mstari wa kwanza. Mstari wa 4 unamwita mtawala mtumishi wa Mungu, na unataja kazi yake: mema ya raia na adhabu kwa mwovu. Sasa mtumishi si ana bosi? Ukiniambia fulani ni mtumishi wa dukani, hujaniambia kwamba duka ni lake.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mizengo Pinda, "mtoto wa mkulima", aliyekuwa mbunge wetu wa huku, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 mpaka 2015. Januari 2009, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipozidi, alitamka kwamba wauaji nao wauawe. Walipombana bungeni akalia machozi. Mie yale machozi nayaheshimu, maana uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini hata hasira ya haki haimpi mtawala ruhusa ya kuiruka mahakama. Upanga wa Warumi 13 ni wa sheria, siyo wa hasira. Juni 2013 akasema tena bungeni kwamba wanaokaidi amri ya polisi watapigwa tu, serikali imechoka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na chama cha mawakili wakampeleka mahakamani. Je, waliokwenda kortini walimwasi Mungu? Hapana, walimkumbusha mtumishi mipaka ya kazi yake.

Mfano wa pili nao ni wa hapa hapa. Gervas Nyaisonga alikuwa askofu wa Mpanda kuanzia 2014 hadi 2018, kabla ya kwenda Mbeya. Kwaresima ya 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa ujumbe wakilalamikia shughuli za siasa kubanwa na vyombo vya habari kufungiwa. Maaskofu wa KKKT nao wakatoa waraka wao wa Pasaka. KKKT wakaandikiwa barua ya kutakiwa kuutangua, kisha waziri Mwigulu Nchemba akaikana barua hiyo. Agosti 2023, Nyaisonga akiwa rais wa Baraza la Maaskofu, likatoka tamko la kupinga mkataba wa bandari na Dubai, likasomwa makanisani. Hawakushinda. Oktoba mwaka huo huo mikataba ikasainiwa na DP World. Lakini walisema wazi, kwa majina yao.

Hapo ndipo naiona Matendo 5. Petro na wenzake waliamriwa wanyamaze, wakakataa, wakasema Mungu kwanza. Hawakuchoma baraza wala kumpiga mtu. Walichapwa, wakatoka, wakaendelea kufundisha.

Najua wapo watakaosema maaskofu wanaingiza siasa madhabahuni. Hoja hiyo ina uzito: askofu naye ni binadamu, anaweza kukosea, na neno lake lipimwe. Lakini lipimwe kwa hoja, siyo kwa kuambiwa nyamaza.

Kwa hiyo ningemjibu yule kijana hivi. Lipa kodi. Mheshimu mwenyekiti wa mtaa. Trafiki akikusimamisha, simama. Ila ukiamriwa useme uongo, umwonee jirani au ufunike damu ya mtu, hapo amri imevuka mpaka wa aliyeituma mamlaka. Kataa wazi, bila kumdhuru mtu, na ujue kwamba unaweza kulipia.

Tena swali hili siyo la waandamanaji peke yao. Askari, mtendaji wa kijiji, msimamizi wa kituo cha kura, hao nao tunakaa nao jumuiya moja na kupeana amani Jumapili. Amri mbaya haijitekelezi, lazima ipite kwenye mkono wa mtu. Huyo mwenye mkono ndiye anayeihitaji Warumi 13 nzima kuliko sisi wote.

Tukikutana tena nitamwomba mzee, kwa heshima zote, asome mpaka mstari wa 4, halafu atufungulie Matendo 5. Nyie wadau mnaonaje? Nikosoeni, ila matusi hapana.

Nawasilisha.