Daktari, Mawazo Pia Yaandike

Mwaka niliotoka chuo, kliniki ya Kawangware iliniambia nina taifodi. Ya Kangemi ikasema vidonda vya tumbo. Ya tatu ilikuwa tao, ghorofa ya nne, na daktari alianza kuandika dawa kabla sijamaliza kuongea. Kote nilisema maneno yale yale: kichwa kinauma, tumbo linawaka, silali, nina mawazo. Kichwa waliandika. Tumbo waliandika. Mawazo hakuna aliyeyaandika.

Tumbo liliuma kweli. Lakini karo ilikuwa imeniishia mwaka wa tatu, nyumbani sijaambia mtu, na saa tisa usiku niko macho nahesabu magari ya Naivasha Road. Hiyo haionekani maabara.

Na siko peke yangu. Sera ya Afya ya Akili ya Kenya ya 2015–2030 inakadiria kwamba hadi asilimia 25 ya wanaotibiwa na kurudi nyumbani wana tatizo la akili. Kwenye benchi la watu wanane, hao ni wawili. Wangapi wanaulizwa?

Madaktari watasema foleni ni ndefu. Sawa. Lakini kuna maswali mawili yanayotumika duniani kote: wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya kufanya mambo? Umejisikia mnyonge au kukata tamaa? Hayatoshi kusema mtu ni mgonjwa, ila yanafungua mlango, na ni ya dakika moja. Mimi nilipanga foleni mara tatu, nikatolewa damu mara tatu. Sasa nani alipoteza muda?

Watasema tena hakuna wataalamu, labda nipelekwe Mathari. Si kila mwenye mawazo ni wa Mathari. Kule Harare, tangu 2006, akina nyanya waliofunzwa kupitia mradi wa daktari Dixon Chibanda huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Kishona kinaita shida hiyo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo haya mawazo yetu?

Lile swali zito, kama umefikiria kujiua, nalo linaogopwa bure. Halimtii mtu wazo. Linamsaidia kutua mzigo. Zamani ungejibu vipi, na kujaribu kujiua kulikuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili? Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba. Kwa hivyo ulizeni.

Mimi aliyeniuliza ni nesi, akinipima presha. "Mdogo wangu, kwani hulali?" Nililia mpaka akafunga mlango. Siku hiyo sikupewa dawa. Nilipewa tarehe ya kurudi, na nikarudi.