Kisome Kitasa cha Mlango Wako

Mfanyakazi hutoka nyumbani alfajiri, hufunga mlango, hutia ufunguo mfukoni na kwenda zake kazini akiamini kwamba jasho lake la miaka mingi liko salama. Redio, cherehani, nguo za watoto, vyeti vya shule na vya kuzaliwa, vyote amevikabidhi kwa kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kiganja. Hata hivyo, ukiwauliza watu vitasa vyao ni vya aina gani, wengi watakujibu kwa rangi: "Ni kile cha manjano," au "Ni kile cheupe."

Ndugu msomaji, kila kitasa kina maelezo yake, na mwenye macho mawili pamoja na rula ya mtoto wa shule aweza kuyasoma. Leo tutajifunza usomaji huo, ili unapokwenda dukani au unapohamia chumba cha kupanga uijue nguvu ya mlango wako kabla mwizi hajaijua.

JINA NI MWANZO TU

Fungua mlango uutazame ukingo wake, yaani ule upande unaokutana na mwimo unapofunga. Hapo utaona bamba jembamba lililoshikwa kwa skrubu mbili. Mara nyingi jina la kitasa limechapwa juu ya bamba hilo. Usipolikuta hapo, litafute juu ya ufunguo wenyewe.

Baadhi ya majina hayo yana historia ndefu. Union ni jina lililotoka Willenhall, mji wa katikati ya Uingereza uliosifika kwa kazi ya vitasa. Yale ni jina la Linus Yale, Mmarekani aliyepata haki za uvumbuzi wa kitasa chake cha pini mwaka 1861 na 1865. Chubb ni jina la Jeremiah Chubb. Mwaka 1817 wezi waliingia katika karakana za meli za kivita huko Portsmouth, Uingereza, kwa kutumia funguo za bandia. Serikali ikatangaza zawadi kwa atakayebuni kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake halisi, na mwaka 1818 Chubb akaleta kitasa ambacho kikichokorwa hujikaza, na mwenyewe akirudi hutambua kwamba kimeguswa.

Lakini jina peke yake si ngao. Kiwanda kimoja hutengeneza kitasa cha mlango wa chumbani na kitasa cha mlango wa mbele, na nguvu zake hazilingani hata kidogo. Tena jina huigwa. Kwa hiyo ukishalisoma jina, endelea kusoma.

HESABU LEVA

Ndani ya kitasa cha kuchimbiwa mlangoni mna vibamba vyembamba viitwavyo leva. Ufunguo unapozungushwa huinua kila leva, na ulimi hauendi mpaka kila moja ifikie kimo chake barabara. Ikipungua, ulimi umekwama. Ikizidi, umekwama vilevile. Kanuni hiyo ililetwa na Mwingereza Robert Barron mwaka 1778, na ndiyo inayotumika hadi leo.

Tarakimu inayoonyesha idadi ya leva, yaani 2, 3 au 5, huandikwa juu ya bamba au juu ya boksi la dukani. Pasipo maandishi, utazame ufunguo. Jino lenye ngazi moja au mbili hudokeza leva chache. Lenye ngazi nyingi za vimo mbalimbali hudokeza leva nyingi. Usihesabu kila ngazi kuwa ni leva, kwani sehemu moja ya jino kazi yake ni kuusukuma ulimi tu.

Kwa nini idadi hii ina maana? Tuseme kila leva yaweza kukatwa kwa vimo 4 tofauti. Kitasa cha leva 2 kitakuwa na funguo 16 tu zinazotofautiana. Cha leva 3 kitakuwa na 64. Cha leva 5 kitafika 1,024. Basi katika mtaa uliojaa vitasa vya leva 2 vilivyonunuliwa duka moja, si ajabu ufunguo wa jirani ukafungua kwako. Hakuna uchawi hapo, ni hesabu ya darasa la nne. Leva 2 zatosha kwa stoo au chumba cha ndani; mlango unaotazama nje wastahili leva 5.

KITASA CHA SILINDA

Ukiwa na ufunguo bapa wenye mapengo ya meno kama ya msumeno, kitasa chako ni cha silinda. Humo badala ya leva mna pini ndogo zinazosukumwa na springi, na kila pini imekatwa vipande viwili. Ufunguo halali huzipanga pini hizo hata mikato yote ikalingana na ukingo wa silinda, ndipo silinda huzunguka. Wamisri wa kale walitumia wazo hilihili kwa vijiti katika makomeo yao ya mbao. Mapengo ya ufunguo wako hukuonyesha idadi ya pini. Silinda ya kawaida huwa na 5 au 6.

Kasoro ya kutazama hapa ni urefu. Silinda ikichomoza nje ya bamba la mlango, mwizi hupata pa kushika kwa koleo, akaivunja bila kuhangaika na pini hata moja. Silinda iwe sawasawa na bamba lake. Kwa hiyo kabla ya kwenda kununua, pima unene wa mlango.

ULIMI NA MWIMO

Sasa, mlango ukiwa wazi, zungusha ufunguo mpaka ulimi utoke. Ukiwa umekatwa mshazari na unarudi ndani ukiusukuma kwa kidole, basi huo ni wa kushikilia mlango tu. Kipande cha plastiki chaweza kuurudisha kupitia ufa. Ulimi wa usalama ni wa mraba, na haurudi mpaka ufunguo uzungushwe. Weka rula. Kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 3621, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, siku hizi hudai ulimi utokeze milimita 20 na kitasa kiwe na funguo tofauti zisizopungua 1,000. Namba hiyo ukiikuta juu ya bamba, umekuta jambo la maana kuliko mng'aro wowote.

Halafu geukia mwimo, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Kitasa cha leva 5 kilichoingia katika tundu lililotobolewa kwenye ubao mwororo ni sawa na askari hodari aliyesimamishwa juu ya matope. Teke moja humng'oa. Tundu la ulimi liwe na kisanduku cha chuma, na skrubu zake ziwe ndefu, zizame vizuri katika mwimo. Na mwimo wenyewe uwe umeshikwa imara na ukuta. Mlango nao uwe wa mbao ngumu, kama mninga au mvule, si wa plaiwudi iliyo tupu ndani. Ikiwa mlango wafungukia nje, tazama bawaba: pini zake zikiwa nje, mwizi aweza kuzitoa na kuuacha ufunguo wako usingizini.

HAKUNA KISICHOSHINDIKA

Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani A. C. Hobbs alikifungua kitasa cha Chubb kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akakikabili kitasa cha Joseph Bramah, kilichokuwa kimewekwa dirishani mwa duka kwa miaka mingi pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayekifungua. Hobbs akakifungua pia, lakini kwa saa 51, katika siku 16.

Tujifunze nini? Kwamba kitasa kizuri kazi yake ni kununua muda. Mwizi wa mtaani hana siku 16. Akicheleweshwa dakika chache, taa ikiwaka na jirani akikohoa, huenda zake. Kwa hiyo taa ya barazani na ujirani mwema ni sehemu ya kitasa chako.

USIMFUNGIE MTOTO

Hapa nawaomba wazazi wasome taratibu. Mlango usiofunguka kwa mwizi haufunguki pia kwa mtoto aliyemo ndani wakati jiko la mafuta limeanguka na moshi umejaa chumba, na madirisha yana nondo. Usimfungie mtoto kwa ufunguo ukaenda sokoni, hata kwa dakika kumi. Mwache kwa jirani.

Usiku, mkiwa wote ndani, ufunguo uwe na mahali pake maalumu karibu na mlango, pasipofikiwa kwa mkono kutoka dirishani, na kila mwenye umri wa kuelewa apajue gizani. Vipo pia vitasa ambavyo kwa ndani hufunguliwa kwa kishikio cha kuzungusha bila ufunguo. Kwa Waingereza kiwango chake ni BS 8621. Vinafaa sana, isipokuwa mlangoni penye kioo, maana mwizi akikivunja ataingiza mkono.

KWA WANAOPANGA

Unapohamia chumba, usiulize umepewa funguo ngapi. Uliza waliokutangulia waliondoka na ngapi, na utagundua hakuna ajuaye. Zungumza na mwenye nyumba kwa adabu, mkubaliane kubadili kitasa kabla hujaingiza mzigo. Kama ni cha silinda, gharama hupungua, kwani fundi hutoa silinda peke yake na kuacha kitasa kilichobaki mahali pake. Na ikiwa ufunguo una namba, usiuache ovyo mezani wala usimpe mtu aunakili. Namba hiyo yaweza kumwezesha mwingine kuchonga wa kwake.

Leo Jumapili, baada ya chakula, waite watoto, chukueni rula, mwende mlangoni pamoja. Someni jina, hesabuni leva au pini, pimeni ulimi, kazeni skrubu za mwimo. Kisha zimeni taa, mmoja wenu autafute ufunguo na kufungua mlango gizani. Akikawia, tafuteni mahali pengine pa kuuweka kabla ya kulala.