Tumalize kitabu kabla ya kukihukumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kero yangu kuhusu watu wanaohukumu kazi za waandishi bila kusoma kitabu kizima.

Hivi karibuni, kwenye kikao cha wazazi, mzazi mmoja alisimama na simu mkononi. Alitusomea aya moja ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, akataka iondolewe maktabani kwa madai kuwa inafundisha uhuni. Wengi walipiga makofi. Nilipouliza ni nani ameisoma hadi mwisho, ukumbi ulikuwa kimya.

Aliyeisoma anajua kwamba Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti aliyelelewa kwa fimbo anapopata uhuru anapotea, na mwisho anajiua. Onyo hilo linatuhusu sisi wazazi kwanza. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Tusirudie kosa hilo.

Naziomba bodi za shule zisipokee lalamiko lolote dhidi ya kitabu mpaka mlalamikaji awe amekisoma chote. Wasomaji wenzangu, mnasemaje?

Mzazi,
Mwanza