Sifuri ya Mita Si Ruhusa ya Kushika Waya



Mimi si fundi wa umeme. Kazi yangu ni kufunga vidonda na kutoa dawa. Lakini mkono ulioungua huletwa kwangu, na ndiyo sababu leo nataka tuzungumze juu ya multimeta, ile mita ya tarakimu ya kupimia umeme.

Fundi mmoja wa pampu alipima waya, akaona sifuri, akaushika. Kumbe umeme ulikuwamo. Tulipoichunguza mita, waya wake mmoja wa kupimia ulikuwa umekatika ndani ya mpira, pasipo kuonekana kwa macho. Wenzake walijua kwamba mita ile hudanganya, lakini walizidi kuitumia kwa kuwa siku nyingine ilisema kweli.

Kwa maoni yangu, mita ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa mita. Asiye na mita huogopa. Mwenye mita mbovu hushika bila hofu.

Sisi wa Kalehe tunafanya kazi penye mvua nyingi na mashimo yenye maji. Ngozi iliyolowa haizuii umeme kama ngozi kavu. Ukinzani wa mwili ukishuka hadi omu 1,000, volti 220 zitapitisha miliampea 220. Na miliampea 30 tu zikipita kifuani, moyo umo hatarini.

Mita ikitoa hesabu usiyoiamini, angalia haya kwa utaratibu:

1. Kitufe cha kuchagulia. Ukipima umeme wa jenereta huku kitufe kiko kwenye umeme wa betri, mita yaweza kuonyesha sifuri penye volti 220.

2. Nyaya za kupimia. Zisiwe zimechunika wala kulegea. Waya uliochomekwa tundu la ampea usipime volti kamwe: utaleta shoti na moto usoni.

3. Betri ya mita. Alama ya betri ikitokea, ibadilishe. Betri ikichoka, mita nyingi huzidisha volti.

4. Mita ya pili. Jenereta yenyewe hupanda na kushuka. Mita mbili nzuri zikitoa volti 180 mahali pamoja, kosa si la mita.

Na kabla ya kushika waya wowote: zima umeme, funga swichi kwa kufuli, pima kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pima waya wako, kisha rudi upime tena pale pa kwanza. Mita ikinyamaza pale pa kwanza, sifuri yake haina maana. Mimi nami nikitilia shaka kipimo cha presha ya damu, hupima tena kwa kingine kabla ya kumpa mtu dawa.

Wengine watasema: "Kapita anangoja pampu, maji yanapanda." Najua. Lakini upimaji huo ni wa dakika chache tu, na mkono ulioungua ndani huchukua majuma mengi kupona, kama utapona. Nasema pia kwa makapita: mita mbovu isirudi mfukoni. Ifungwe kitambaa chekundu, itolewe kazini siku ile ile. Anayeileta asigombezwe, maana akigombezwa, kesho ataificha.

Mwenzako akinaswa, usimguse. Kata umeme kwanza. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada. Hata akisimama na kucheka, mlete tumwone: umeme huunguza ndani, na moyo waweza kusumbuka baadaye.

Kinga ni bora kuliko tiba. Jamaa yako inakungoja nyumbani jioni. Pima mita yako kabla haijakupima wewe!