Kabla hujamkatia mbwa bima, ulizia kadi ya chanjo

Msomaji, unapomwona mtoto wa mbwa mwenye manyoya meusi na ya kahawia akichungulia kutoka ndani ya katoni kando ya barabara, swali lako la kwanza huwa lipi? Wengi wetu huuliza bei. Hata mimi niliuliza bei. Hiyo ilikuwa mwaka wa 2019. Wezi walikuwa wametutembelea mara mbili katika ploti yetu huko Kawangware, na mara ya pili waliondoka na mtungi wa gesi na pikipiki ya jirani. Nikaamua kutafuta mbwa mkali, tena wa nasaba, si koko.

Muuzaji aliniapia kwamba yule alikuwa German Shepherd halisi. “Huyu ni Jamani orijino, mdosi. Babake analinda kwa balozi.” Sikumwona huyo baba, wala mama. Kadi ya chanjo, akasema, ingeletwa Jumatatu. Nikatoa pesa na kumbeba kilebu wangu ndani ya koti. Wahenga wametuonya dhidi ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini nadhani hawakutaja katoni.

Jumanne akicheza na binti yangu wa miaka sita alimuuma kidole, jeraha dogo tu. Jumatano akakataa chakula. Alhamisi alikuwa akitapika na kuharisha damu yenye harufu ambayo sijaisahau. Ijumaa asubuhi tulimkuta amekufa, na mimi, kwa haraka ya kwenda kazini, nikamtia kwenye gunia na kulikabidhi gari la takataka.

Jumamosi jirani alipotukumbusha lile jeraha, tulikimbia hospitalini. Muuguzi aliuliza maswali mawili: mbwa yuko wapi, na alichanjwa? Sikuwa na jibu lolote la maana. Mbwa aliyeuma mtu akiwa hai, huzuiliwa na kuangaliwa kwa siku kumi. Akibaki mzima, wasiwasi huondoka. Akifa, sampuli ya ubongo wake inaweza kupimwa katika maabara kuu ya mifugo kule Kabete. Wangu alikuwa ameshafika jaani. Kwa hivyo mtoto alidungwa sindano siku hiyo, kisha siku ya tatu, ya saba, ya 14 na ya 28. Kila alipodungwa alinitazama, na mimi nikatazama ukuta.

Yaelekea kilichomuua yule mbwa ni pavo, si kichaa. Virusi vya pavo huchukua kwa kawaida siku tatu hadi saba tangu kuingia mwilini hadi dalili kuonekana, kwa hiyo huenda nilimnunua akiwa tayari mgonjwa. Lakini “yaelekea” si neno la kumwekea mtoto rehani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini mwaka wa 1912 kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na serikali ilijiwekea mpango wa kuumaliza miongoni mwa watu kufikia mwaka wa 2030. Ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje Jumamosi kama nilivyongoja mimi.

Nimeyasimulia haya kwa sababu siku hizi naulizwa swali jipya. Kijana mmoja wa Kibera, fundi wa simu pale Makina, aliniuliza kama anaweza kumkatia bima mbwa wa nasaba anayetaka kumnunua ili amzalishe na kuuza watoto wake kwa wenyeji wa Lavington na Karen. Swali si la kipuuzi. Wakenya tunaijua bima ya ng'ombe wa maziwa, na tangu mwaka wa 2010 wafugaji wa Marsabit wameona bima inayolipa kulingana na hali ya malisho inavyopimwa kwa setilaiti. Kule Uswidi mbwa wengi wana bima. Kwa nini asiwe nayo wa Makina?

Jibu langu ni kwamba bima haiponyi uchaguzi mbaya. Soma masharti ya bima ya aina hii popote duniani, hasa yale maandishi madogo ya nyuma. Kwa kawaida ugonjwa aliokuwa nao mnyama kabla ya mkataba haulipiwi. Kuna kipindi cha kusubiri mwanzoni, mara nyingi siku 14 kwa maradhi, na pavo humaliza kazi yake kabla ya siku hizo kuisha. Ugonjwa unaozuilika kwa chanjo haulipiwi kama mnyama hakuchanjwa. Na magonjwa ya kurithi, yale hasa yanayomfanya mbwa wa nasaba awe na gharama, ama yameondolewa kabisa ama yanalipiwa iwapo tu ulikata bima kabla dalili ya kwanza haijaonekana. Isitoshe, kuna sehemu ya kila gharama ambayo utalipa mwenyewe.

Mchukue huyo German Shepherd, au Rottweiler. Aina hizi mbili zina sifa mbaya ya ubovu wa nyonga. Mtoto wa miezi miwili hukimbia vizuri tu. Kasoro hujitokeza baadaye, anapoanza kuchechemea na kushindwa kuinuka asubuhi. Huwezi kuiona ukimtazama kilebu machoni. Unaloweza kufanya ni kuuliza kama wazazi wake walipigwa picha za eksirei za nyonga wakiwa wamekomaa, na kuziona hizo picha. Mbwa wenye pua bapa, kama bulldog, ni hadithi nyingine: huzaliwa na shida ya kupumua, na chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi wakati wa jua la Februari ni mateso kwao. Kusema kweli, sioni sababu ya kumweka mbwa huyo Kibera hata kama umepewa bure.

Karatasi ya nasaba nayo isikutie wazimu. East Africa Kennel Club ndiyo husajili mbwa wa nasaba katika eneo hili, na cheti chake hueleza mababu wa mbwa ni akina nani. Cheti hakisemi kwamba mbwa ana afya. Hayo ni mambo mawili, na muuzaji mjanja hufurahi ukiyachanganya.

Basi ukiwa bado unamtaka, mfuate alikozaliwa umwone mama yake. Ukiambiwa mama yuko shamba, ondoka. Asiwe chini ya wiki nane. Awe ameanza chanjo ya pavo na homa ya mbwa katika wiki ya sita hadi ya nane, na uwe tayari kuendelea kumdunga kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa hutolewa akiwa na miezi mitatu. Kadi iwe na sahihi na nambari ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kabla hujalipa, mpeleke kwa daktari wako mwenyewe. Wa Kawangware wana bahati, kwani kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko hapo Upper Kabete. Na kama mbwa mwingine alikufa kwa pavo katika ploti yenu, usilete mpya haraka: virusi hivyo hukaa udongoni miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya saruji husafishwa kwa dawa ya klorini. Udongo wa uani hauna dawa.

Waulize majirani pia. Makina kuna Waislamu wengi, na mate ya mbwa kwenye nguo za mtu anayekwenda kuswali ni jambo zito. Mkiheshimiana mapema hamtafikishana kwa chifu.

Kuhusu bima yenyewe, hakikisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na uliza kwanza kama inalipa mbwa wako akimuuma mtu mwingine. Hilo, kwangu, ni muhimu kuliko nyonga, kwa sababu katika ploti ya familia kumi watoto hawana pa kuchezea ila mbele ya mlango wako. Kama jibu ni hapana, afadhali uweke shilingi 100 kila wiki kwenye chama. Kwa mwaka ni 5,200, pesa zisizo na maandishi madogo. Na kama watoto wako hawajaandikishwa kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mbwa asubiri foleni.

Yule fundi wa simu amekasirika kidogo. Anasema koko hauziki. Ni kweli, ila hakuwa akitafuta mlinzi tu, alitafuta biashara, na biashara hiyo humlazimu mbwa jike kuzaa mfululizo katika chumba kimoja. Mimi nilimchukua koko wa kike kutoka shirika la kutetea wanyama, KSPCA, kule Karen, akiwa amechanjwa na kufungwa uzazi. Hubweka hata paka akipita. Chanjo yake ya kichaa hurudiwa kila Septemba, karibu na tarehe 28 ambayo ni siku ya kimataifa ya ugonjwa huo, na kadi yake naiweka katika bahasha moja na kadi ya kliniki ya binti yangu, ile yenye sahihi tano za muuguzi.